Skrubu Zilizoganda za Mama wa Endamarariek

Mwaka ule madukani hapakuwa na sabuni, sembuse vipuri vya Landrova. Nilikuwa na kibanda cha ufundi pale Karatu, kando ya barabara ya kupanda Ngorongoro. Siku moja akaja mama mjane wa Endamarariek, Landrova ya marehemu mumewe ikikokotwa na trekta.

Gari lilikaa nyuma ya nyumba tangu msiba. Mtu alifungua kifuniko cha juu cha injini, akaiacha wazi, mvua ya masika ikaingia ndani.

"Shemeji zangu wanataka niliuze kama chuma chakavu," alisema. "Mimi nataka litembee. Nitaliendesha mwenyewe."

Niliifungua injini yote. Pistoni zilikubali, valvu zikakubali. Zilizogoma ni skrubu za tapeti, zile ndogo za juu zinazorekebisha nafasi kati ya roka, ule mkono unaoisukuma valvu, na valvu yenyewe. Zisipozunguka, injini itagonga tu, au valvu ziungue. Kutu ilikuwa imezishika kama zimechomelewa. Nilizilowesha kwenye dizeli, nikazigonga taratibu. Wapi! Nikawasha mkaa, nikapasha roka mojamoja na kuigusisha nta ya nyuki ili iyeyuke na kupenya kwenye nyuzi za skrubu. Hapo zikaanza kulegea, kwa manung'uniko.

Mama alikuja kila siku ya gulio, akakaa juu ya tairi kuukuu akichambua maharage. Hakunihimiza hata mara moja.

Skrubu ya mwisho ilikatikia mkononi mwangu. Nilibaki nimeshika bisibisi, nimenywea.

"Imekatika?"

"Imekatika, mama. Na nyingine sijui nitaitoa wapi."

Aliweka ungo chini. "Hata marehemu ilimshinda hiyo. Aligombana nayo kutwa nzima, akalala bila kula. Wewe nenda ukale kwanza."

Dereva mmoja wa lori la mahindi ndiye aliyeniambia kwamba Endulen kuna boma lenye Landrova iliyokufa. Nikapanda naye, tukapita kwenye ukungu wa ukingoni mwa kreta meno yakigongana. Gari lile nililikuta halina magurudumu, na mahali pa viti wamelala ndama wawili. Mwenye boma, mzee aliyejitanda shuka, alinitazama nikifungua boneti.

"Hilo halijanguruma tangu morani wangu hawajatahiriwa," alisema. "Unataka kumfufulia nani?"

Nikamweleza habari za yule mjane, na mumewe dereva, ambaye mama alinisimulia kuwa alikuwa mtu mfupi aliyechechemea na kupiga mluzi kila aendapo.

Mzee alisogea karibu. "Yule wa mluzi amekufa?"

"Amekufa, mzee."

"Mke wangu alishikwa na uchungu mvua inanyesha, mtoto amekaa vibaya. Mtu yule alimbeba kwa gari lake mpaka hospitali. Walikwama kwenye tope, akawa anachimba kwa mikono." Akawaswaga ndama nje. "Chukua unachotaka. Chukua vyote."

Kifuniko cha injini ile hakikuwahi kufunguliwa. Chini yake mafuta meusi yalikuwa bado yanang'aa, na skrubu zikazunguka kwa vidole.

Niliporudi nilimsimulia mama. Hakuwa anaijua habari ile. Alishika maharage kwenye kiganja, hayadondoki wala hayachambuliwi.

"Kumbe ndiyo siku aliyorudi alfajiri amejaa tope," alisema hatimaye. "Nilimnunia wiki nzima. Naye hakusema kitu."

Injini iliwaka baada ya kutoa moshi mwingi. Mama alijifunza kuendesha kwenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, shemeji zake wakiwa wamesimama mbali. Baada ya mavuno ya mahindi alipakia magunia mawili, akampelekea yule mzee wa Endulen. Alipanda mlima wote kwa gia ya pili, nami pembeni yake nimeng'ang'ania mlango, nikiogopa hata kumwambia abadilishe.