Filamu Isiyo na Bunduki

Mtu aliyekaa Bunia miaka ile ya vita ataniunga mkono: hakuna ujinga kama kulipa kiingilio uangalie watu wakipigana risasi, wakati nje risasi ni za bure. Lakini tuliangalia. Mimi nilikuwa mfasiri katika chumba kimoja cha video katika mtaa wa Shari. Shule niliyofundisha ilikuwa imefungwa, wanafunzi wametawanyika na wazazi wao, na mimi na diploma yangu ya ualimu nikajikuta juu ya kigoda kando ya televisheni, mikrofoni mkononi, ninawaeleza watu kwa Kiswahili maneno ya Wachina na Wamarekani.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Kichina, heri usiniulize. Kazi ile haikudai ujue, ilidai usinyamaze. Ukinyamaza kidogo tu, sauti inatoka nyuma: "Mwalimu, umekufa?" Basi nilisema. Kwenye filamu zangu kila mtu alikuwa na la kusema, hata farasi.

Siku moja, katikati ya filamu ya wanajeshi, milio ikazidi, mtu mmoja akaruka kupitia dirishani na wengine wote wakamfuata, wakavunja mlango na mabenchi mawili. Zilikuwa risasi za televisheni. Wiki iliyofuata ikawa kinyume: risasi za kweli, upande wa uwanja wa ndege, na watu wamekaa wanashangilia. Mpaka vumbi la dari lilipotuangukia kichwani ndipo tulipojua. Patron wetu, mwenye chumba, akashika kiuno. "Yee! Batu banakimbia uongo, banabakia ku kweli! Imetosha. Kuanzia leo, filme bila bunduki." Akaagiza kaseti kwa madereva wa njia ya Mahagi, nayo ikaja filamu ya mapenzi, katika lugha ambayo si Kifaransa wala Kiingereza. Mmoja alisema ni ya Waitaliano, mwingine Wareno. Kwangu yalikuwa yale yale.

Nizungumzie kwanza mambo yangu, maana bila hayo hutaelewa nilivyoiharibu ile filamu.

Nilikuwa nakaribia kufikisha miaka thelathini. Nilikuwa na mchumba, mshonaji, mwenye cherehani yake sokoni. Tulikuwa pamoja miaka minne. Dada yule alitembea haraka, alicheka kwa nadra, na akicheka ulijua umestahili. Wazazi wake walikuwa watu wa ng'ombe, na kwao mahari haiji katika bahasha. Ng'ombe anaingia uani kwa miguu yake, bwana harusi yuko nyuma yake na vumbi usoni, mama mkwe anamimina maji kizingitini. Bila hivyo hakuna ndoa, hata askofu aje. Wangu walikuwa wanne, na walikuwa malishoni kwa baba yangu mdogo, ng'ambo ya Iga Barrière. Na njia ya Iga Barrière ilikuwa imefungwa, isipokuwa kwa malori yaliyowalipa wapiganaji. Aliyejaribu kupita na mbuzi tu alirudi bila mbuzi, akirudi.

Kila mtu alinionea huruma. "Pole Mwalimu, hii vita imekuchelewesha." Nami nilikuwa natikisa kichwa, uso wa msiba. Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema: nilifurahi. Watu walikuwa wanafunga na kuomba njia ifunguliwe, mimi nilikuwa ninaomba ikae hivyo hivyo hata mwezi mmoja tena. Aibu gani hiyo! Watu wanakufa, nami nimejificha nyuma ya vita yao kama mtoto nyuma ya kanga ya mama.

Usiniulize kwa nini. Sikuwa na sababu hata moja ya kumkataa, na hilo ndilo lililonichanganya. Kama angekuwa na ulimi mkali, ningesema ni ulimi. Nilimpenda? Ndiyo. Kisha jioni nikifikiria kwamba sasa basi, ni huyu, ni nyumba hii, ni mji huu unaowaka, mpaka siku ya kufa, pumzi inanikatika. Rafiki zangu wawili walikuwa wamekufa kabla hawajaanza chochote. Nami nilijiona ninafunga hesabu ya maisha ambayo sijayaanza.

Ndipo baba yake akaniita. Mzee alikuwa amekaa kibarazani, kofia magotini.

"Mutoto yangu," alisema, "ile ng'ombe iko kule, siye tuko huku. Hii vita itaisha lini? Nani anajua? Leta fimbo nne. Kila ng'ombe na fimbo yake. Mi nitaweka mu nyumba. Njia ikifunguka utaleta ng'ombe, nitakurudishia fimbo. Dimanche hii nakungoja, na pasta atakuwa hapa."

Sijawahi kusikia jambo la namna hiyo kwa mtu mwingine. Mzee mwenye ng'ombe, kukubali miti mitupu! Alikuwa amevunja desturi ya babu zake kwa ajili yangu. Nikasema aksanti Papa, aksanti sana, nikatoka pale. Vita ilikuwa imenitupa mkono. Ilikuwa Jumatatu, na mpaka Jumapili nilibakiwa na siku sita.

Na kulikuwa na msichana mwingine. Aliuza mandazi mlangoni pa chumba cha video. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, alikuwa amekimbia kutoka kwenye migodi ya dhahabu, sasa anakaa mtaa wa Saio kwa shangazi yake. Kila filamu ikianza alimwachia jirani beseni lake, akaja kukaa benchi la mbele.

"Mwalimu, weye unadanganya batu!" aliniambia siku ya kwanza. "Yule muzungu hakusema vile."

"Unajua Kizungu weye?"

"Sijui. Lakini niliangalia kinywa yake. Alisema maneno mbili, weye ukasema makumi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Jamani, hakuna aliyewahi kunicheka hivyo. Mchumba wangu aliniamini, na huyu alijua mimi ni mwongo na akanipenda kwa uongo wangu. Tangu hapo nilikuwa nafasiri kwa ajili ya lile benchi la mbele. Hatukufanya kitu, naapa. Ila kutofanya kitu nako kulikuwa na utamu wake. Jumatano alinifuta unga wa ngano kwenye kola, taratibu, akasema: "Samedi mi na shangazi tunapanda lori ya Mahagi. Toka pale tunavuka Uganda. Iko nafasi moja." Akarudi kwenye beseni lake kama mtu aliyetaja bei ya mandazi.

Kwa hiyo Jumamosi lori, Jumapili fimbo. Sikulala, sikula. Nilikata fimbo nne kando ya mto, nikazimenya vizuri. Na usiku ule ule nikafunga begi.

Alhamisi saa nane tukaonyesha ile filamu ya mapenzi. Tulionyesha mchana tu, kwa sababu kufikia saa kumi na mbili hakuna aliyetembea. Kwa mara ya kwanza wanawake walijaa, waliposikia hakuna bunduki. Mimi sikuona nani na nani, maana mfasiri anatazama televisheni, mgongo kwa watu. Benchi la mbele tu ndilo nililoliona kwa pembe ya jicho, na alikuwa amekaa pale.

Filamu yenyewe, kwa macho, ilikuwa hivi: mwanaume anajenga nyumba kando ya bahari na mchumba wake. Mchumba anapaka rangi kuta, mikono yote rangi. Kisha anapita msichana na baiskeli, mwanaume anamtengenezea mnyororo, na kuanzia hapo unaona jamaa hajui tena nyundo iko wapi. Nilikuwa ninafasiri vizuri, watu wanacheka, mpaka ilipofika pale jamaa amekaa peke yake ngazini na kuanza kusema, sijui na Mungu, sijui na mbwa wake.

Sikujua anasema nini. Lakini sikutakiwa kunyamaza.

"Simukatai," nikasema. "Mi simukatai huyu mwanamuke. Naogopa. Nikiingia mu hii nyumba, sitatoka tena. Batu banasema vita imenichelewesha. Uongo! Vita imenisaidia. Kila siku njia ikifungwa, mi roho inatulia. Sasa Papa yake ananiambia nilete fimbo nne, na mi sina tena pa kujificha."

Watu wakaangua kicheko. Mzungu na fimbo za ng'ombe! Mmoja akapiga kelele: "Mwalimu, hata kule Ulaya banatoa ng'ombe?" Nami nikacheka nao, jasho linanitiririka mgongoni.

Filamu ikafika mwisho wake. Mwanaume anarudi nyumbani, mchumba anasimama, anaongea. Aliongea muda mrefu sana. Alilia, akacheka kidogo, akaonyesha bahari, akaonyesha mlango, akajifuta rangi kwenye gauni. Mimi sikuwa na nguvu tena, kinywa kilikuwa kimekauka. Nikasema: "Anasema sawa." Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi.

Nilipogeuka, watu wanatoka chumbani, na kwenye benchi la nyuma kabisa mchumba wangu alikuwa amekaa, mkoba magotini. Hakuwa amewahi kuja pale hata siku moja. Alikuwa amesikia sokoni kwamba leo ni filamu ya mapenzi, akafunga cherehani mapema ili anisikie ninavyofanya kazi.

Alingoja mtu wa mwisho atoke. Muuza mandazi naye alitutazama, akaelewa, akatoka.

"Yule mwanamuke wa mwisho," mchumba wangu aliniambia. "Alisema nini?"

"Sijui. Lugha yao siijui."

"Mi pia siijui. Lakini haikuwa 'sawa'. Mutu halii vile kwa kusema sawa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mwanaume anaguna, weye unamupa maneno ya kujaza gunia. Mwanamuke anasema mpaka anachoka, weye unamupa neno moja. Tangu miaka nne unanifanya vile vile. Uliniuliza siku gani kama mi siogopi?"

Nilifungua kinywa.

"Ngoja. Mi niko na miaka makumi mbili na munane. Iko mutu anakuja ku cherehani yangu kila juma na suruali isiyopasuka. Anasema nishone. Nashona, anarudi nayo tena. Ni mutu wa kicheko. Unazani sikumuona? Nilimuona. Usiku nilijiuliza mambo yote unayojiuliza weye. Kisha nikasema, hapana, mi nangoja ng'ombe za Mwalimu. Kumbe Mwalimu anaomba zisifike."

Patron akazima mashine ya umeme nje. Kukawa kimya, unasikia kuku wa jirani.

"Dimanche unakuja ao haukuji?" aliuliza. "Sema kwa kinywa yako. Hii ya muzungu nimeisha kuisikia."

Mimi, mtu niliyekuwa nalipwa ili nisinyamaze, nilinyamaza. Nilitafuta ndiyo, nikaikuta. Nilitafuta hapana, nayo ilikuwepo, pale pale, uzito ule ule. Sikujua niokote ipi. Alinitazama kwa muda ambao nauona mpaka leo, na katika muda ule wote angekubali, ninajua, angekubali hata kwa kutikisa kichwa tu.

"Bon," akasema, akasimama. "Nitamwambia Papa ni mimi nimekataa. Weye usiseme kitu. Kaka yangu iko na bunduki sasa, na akisikia ni weye, hatauliza mara mbili." Akavuta kitenge begani, akatoka kwa ule mwendo wake wa haraka.

Utasema basi nilienda na yule mwingine. Jumamosi asubuhi nilifika na begi langu mahali malori yanapopakia. Nikamwona juu ya magunia, kichwa kimefungwa kitambaa chekundu, anatazama huku na huku. Nilisimama nyuma ya kibanda cha unga wa muhogo mpaka lori likaondoka. Kwa nini? Mtu akinieleza nitamshukuru. Labda bila uongo wa mikrofoni sikuwa na kitu cha kumpa. Labda niliogopa tu, kama kawaida yangu. Jumapili nilikaa ndani, mlango umefungwa, nikasikia kengele ya kanisa ikilia na kuacha.

Wiki iliyofuata nilikutana na baba yake sokoni. Nilitaka kugeuza njia, lakini alikuwa ameshaniona. Alivua kofia. Mzee mzima, mbele ya watu, alivua kofia mbele yangu, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mutoto yangu, unisamehe," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemulea vibaya. Mi nilivunja desturi kwa ajili yenu, naye akanitemea mate. Kuaibisha mutu muzuri kama weye! Nimemufukuza. Hatakula tena ku meza yangu."

Alikuwa ananishika kwa nguvu, anangoja. Wauza mboga walikuwa wameacha kuuza, wanatusikiliza. Ilikuwa rahisi, maneno matatu tu, "Ni mimi, Papa," yangetosha, na hakuna kaka wala bunduki karibu pale.

"Hakuna neno, Papa," nikasema. "Mi nimemusamehe."