Jiwe la Mtungi wa Dada Qu

Emrys alipotimiza miaka sitini, chuo cha ualimu kilichomwajiri kilimpa keki, maua ya plastiki na barua. Barua ilisema mgeni akishafika umri huo hapewi tena kibali cha kazi, na asiye na kazi hana kibali cha kuishi. Chake kingekwisha tarehe ishirini na sita Novemba. Keki aliila na wanafunzi. Barua aliikunja, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, akapita mlango wake na kugonga wa jirani.

Jirani huyo alikuwa Qu Shuqin, mjane wa mchimba makaa ya mawe, mwenye miaka sabini na minne. Katika mji wetu wa Fuxin, kaskazini-mashariki mwa China, ambako mgodi umebaki shimo, wajane wa namna hiyo ni wengi.

"Dada Mkubwa, wananifukuza."

Mama yule aliisoma barua akiwa ameishika mbali na macho. "Tarehe ishirini na sita? Watu hawa hata kalenda hawaijui. Kabichi itakuwa haijaiva."

"Ndiyo hivyo."

"Basi huendi."

Zamani, majira ya baridi yakikaribia, malori ya kabichi yalikuwa yakiziba barabara, na kila nyumba ilinunua kabichi za kuifikisha masika. Zilianikwa madirishani, kisha zikapangwa mtungini kwa chumvi na maji na kugandamizwa kwa jiwe. Ngazi nzima ilinuka uchachu, na mtoto aliyepotea aliweza kurudi kwao kwa kufuata pua. Leo kabichi chachu inauzwa katika mfuko wa plastiki, haina harufu wala mwenyewe. Mitungi imevunjwa. Milango ya chuma hufunguka kidogo kupokea chakula kutoka kwa mtu wa pikipiki, ikafungwa tena, na jirani anaweza kuugua wiki nzima asijulikane. Hayo wanayaita maendeleo.

Katika jengo zima ulikuwa umebaki mtungi mmoja, wa Dada Qu, na jiwe lake lilikuwa na kilo kumi na mbili.

Emrys alikuwa mtoto wa mpasua mawe kutoka milima ya Wales, na hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake. Majira yake ya kwanza ya baridi mjini, miaka kumi na tisa nyuma, alijitolea kubeba jiwe la marehemu Bao, mume wa Dada Qu, likamponyoka ngazini likapasuka vipande viwili. Akaleta jingine, jeupe, zuri la kutazama. Baada ya siku kumi mtungi ulitoa povu kama mbwa mwenye kichaa, kwa sababu lilikuwa jiwe la chokaa, nalo huliwa na uchachu. Kabichi zote zikaoza.

"Baba yako alikufundisha nini?" Dada Qu alimwuliza siku hiyo, akicheka mpaka akakaa chini. Majira yale walikula figili. Masika walikwenda pamoja mtoni, wakachagua jiwe jeusi lenye rangi ya bluu kwa mbali, na tangu hapo kila Jumapili mgeni aligonga mlango, akanyanyua jiwe, mama akatoa kabichi, jiwe likarudi mahali pake. Mikono ya mama ilikuwa imeharibiwa na baridi yabisi. Bila mtu wa kunyanyua hakukuwa na mtungi, na bila mtungi hakukuwa na mtu wa kugonga.

Ndicho kilichomkosesha Emrys usingizi. Kwa dada yake huko Wales kulikuwa na chumba kinachomngoja. Lakini hapa nani angegonga mlango?

Alimwendea kijana wa ghorofa ya tatu, kumwomba awe akinyanyua jiwe kila Jumapili. Kijana alitoa kidude kimoja cha muziki sikioni, akamwita kwa jina la Kichina alilopewa na majirani. "Mzee Ai, si anunue tu dukani?"

Akashuka kwa Mzee Geng, ghorofa ya chini, aliyewahi kufanya kazi shifti moja na marehemu Bao.

"Mtungi wa yule mama," akasema Geng, "unanuka soksi za wachimbaji. Nimezinusa miaka thelathini, zinatosha."

"Unakula kwake kila mwaka mpya."

"Nakula kwa adabu tu."

"Mabakuli matatu?"

"Adabu yangu ni kubwa. Nenda, Ai, mgongo wangu umekwisha."

Novemba ilipoanza, Dada Qu alinunua kabichi za watu wawili. Emrys alizipanga, akaziwekea jiwe, wala hawakuizungumzia ile tarehe.

Hapa kwetu kuna desturi ambayo hata vijana bado wanaikumbuka: anayesafiri hupewa jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama au mboga ndani, na anayewasili hupewa tambi, kwa kuwa nyuzi zake ndefu zinamfunga miguu asiondoke. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe ishirini na sita, Mzee Geng alipopanda kusaidia masanduku, pua yake ikitafuta jiaozi, alisimama mlangoni akakodoa macho. Mezani palikuwa na mabakuli mawili ya tambi.

"Wee Shuqin! Umezeeka vibaya! Mtu anaondoka, unampa tambi?"

"Ndiyo, tambi."

"Utamletea mkosi njiani! Huna unga? Nikuletee unga?"

"Unga ninao. Jiaozi za nyumba hii ni za kabichi chachu, na kabichi haijaiva. Kaa, ule."

"Lakini tambi ni za anayefika!"

"Basi amefika," Dada Qu akasema, bila kumtazama mtu. "Aje kwa kibali cha matembezi. Si wanatoa?"

"Atembee Fuxin aone nini? Lile shimo?"

"Atatazama mtungi wangu. Watalii huenda mbali kutazama vitu vya ovyo zaidi."

Emrys alikuwa amekwisha kaa. Alizijua desturi za mji huu kuliko vijana waliozaliwa humo, na alielewa alichopewa. Alizivuta tambi bila kukata hata uzi mmoja, akanywa mchuzi mpaka tone la mwisho, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu, alisema, pilipili ilikuwa nyingi. Pilipili haikuwemo.

Geng akamaliza bakuli lake kwa adabu. Kisha akainuka, akaenda kibarazani penye mtungi, wakamsikia akikohoa na kuguna.

"Wewe! Usilinyanyue, kabichi bado changa, utaiozesha!"

"Nimeligusa tu, nijue uzito. Kumbe zito." Akarudi akijifuta mikono kwenye suruali. "Inaiva lini?"

"Tarehe kumi na saba Desemba."

Geng alichukua kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati la Emrys, akaiandika tarehe kwenye kiganja kama alivyokuwa akiandika zamu zake mgodini. Halafu akamgeukia mgeni kwa ukali.

"Sikiliza, Ai. Ni mpaka urudi tu. Mgongo wangu si wa serikali."

Dada Qu alikuwa anakusanya mabakuli. La Geng akaliosha. La Emrys akalirudisha mezani mahali pake, kama la mtu anayetoka kidogo tu, na vijiti vyake juu yake, akaenda kumtafutia skafu.