Jeli Baridi Kwenye Kifua cha Panya

Mara ya kwanza nilipouona moyo wa panya kwenye skrini ya ekografia, mashine ya kutazama ndani ya mwili, nilisahau kuandika chochote. Ulikuwa mdogo kama punje ya haragwe, na ulipiga haraka kuliko ulimi wangu ulivyoweza kuhesabu. Nilicheka peke yangu maabarani, hapa Goma.

Tulikuwa tunapima majani ambayo mama yangu, kule kijijini Kalengera, huyachemsha kila asubuhi kwa ajili ya presha. Hospitali alikataa katakata kwenda, majani yalimtosha. Nusu ya panya tuliwanywesha maji ya majani hayo, wengine maji matupu. Kisha nilimlaza kila mmoja kwa dawa ya usingizi, nikamnyoa kifua, nikampaka jeli na kutazama moyo ukijikaza na kulegea. Mioyo ya panya wa majani ilipiga polepole, kwa uchovu. Niliogopa, na si kwa ajili ya panya.

Nikampigia simu. "Mama, acha yale majani. Yanaharibu moyo."

Akataka kujua nimejuaje. Nikamweleza yote, kwa majivuno.

"Ile kitu munawapaka mu kifua, papa, iko moto ao iko baridi?" Huniita papa, yaani baba, tangu utotoni.

"Baridi kidogo. Inakaa pa dirisha."

"Kanyama kadogo vile, umekanyoa manyoya, unakapaka baridi? Hata weye ungelegea!"

Nikacheka. Mimi na diploma zangu! Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikafungua daftari. Panya wa majani ndio niliowapima kwanza kila siku, asubuhi, chumba kikiwa bado baridi. Wenzao walifuata mchana, jua likiwa limeshapiga dirisha na chupa ya jeli. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Nikaiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, nikachanganya zamu, nikapima upya. Mioyo ikapiga sawasawa, ya kundi hili na ya lile. Majani hayakuwadhuru. Wala sikuona yamewasaidia kitu, na hilo nalo ilibidi nimwambie.

Nikampigia tena, nikaomba msamaha, nikamsihi kama nilivyomsihi miaka yote aje mjini apimwe moyo.

"Nitakuja," akasema. "Lakini ile kitu ya kunipaka, weye mwenyewe ndiye utaipasha moto."