Wageni wa Mwenyekiti Wetu

Mwenyekiti wa chama chetu cha kuwekeza pesa pale Kaplong alikuwa mwalimu mstaafu, na sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye. Kuhusu soko la hisa alijua jambo moja tu: wageni wamenunua nini. Kila mkutano, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa, aliinua simu yake na kututangazia kwamba wawekezaji wa ng'ambo wameingia.

"Mzungu hawezi kununua kitu kibovu," alisema.

Wanachama wakapiga makofi. Hawa ni watu ambao hawanunui ng'ombe bila kumfungua mdomo! Bonasi yetu ya chai, yale malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani, ikaenda yote kwenye hisa za benki moja kubwa. Mimi, karani wa kiwanda cha chai, ambaye wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, kwa kabila jingine, nilipouliza benki hiyo inaendeleaje, niliambiwa nisilete siasa.

Kwa miezi kadhaa bei ilipanda, na mabega ya mwenyekiti nayo yakapanda. Alianza kutuita "wawekezaji wenzangu".

Halafu riba zikapanda huko Marekani. Kwetu hapa hakuna kilichobadilika: benki ilikopesha kama kawaida, ikatangaza faida. Lakini wale wageni walikuwa wamepata mahali pengine pa kuweka pesa zao. Waliuza kwa pupa, bila hata kuangalia wanauza nini, na kwa vile soko letu ni dogo na wao ndio walioshika sehemu kubwa, bei ikaporomoka. Nchi nzima, pamoja na mawaziri na suti zao, ikabaki kutoa macho, ikingoja huruma ya watu wasiojua hata Kaplong iko wapi.

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa haraka.

"Tuuze leo leo," alisema. "Wageni wanajua kitu."

Mke wangu akasimama. "Mwalimu, benki imefilisika?"

"Hapana."

"Imepata hasara?"

"Hapana, mama. Lakini wao wanatoka."

"Si watoke! Sisi tunakimbilia wapi?"

Watu walicheka, kisha wakapiga kura ya kuuza. Hisa zetu zikauzwa bei ikiwa chini kabisa. Sisi wawili tulichukua sehemu yetu, tukajiondoa kwenye chama, na wiki hiyo hiyo tukanunua hisa za benki ile ile kwa majina yetu. Usiku sikulala vizuri, lakini hasira ilinisaidia kuvumilia.

Mwaka uliofuata wageni walirudi, na bei ikapanda nao. Jirani alitusimulia kwamba mwenyekiti aliingia mkutanoni akitabasamu kama bwana harusi, akawaambia wanunue tena zile hisa walizouza, sasa zikiwa ghali zaidi. Nikamuuliza kama kuna aliyecheka.

"Tulipiga makofi," alinijibu, bila aibu.

Baadaye mwenyekiti alisikia kwamba sisi hatukupoteza kitu. Alinikuta sokoni Sotik, akanivuta kando.

"Niambie ukweli," alininong'oneza. "Ni mgeni gani aliyewadokezea?"

"Hakuna, Mwalimu."

Hakuamini. Mpaka leo tukikutana, ananiomba namba ya simu ya Mzungu wangu.