Ugonjwa Niliomsingizia Neema

Siku ile zahanati tulikuwa wanne: mimi, mjukuu wangu Neema, mwalimu aliyekwisha kuchumbiwa, mtoto wa binti yangu Elizabeti, muuguzi Zuhura, binti wa Ramadhani wa Issuna, na Salome, shangazi wa huyo mchumba, aliyekuja kupima presha.

Nilikuwa nawashwa sehemu za siri na kutokwa uchafu. Tangu Yohana, mjane mwenzangu, aje kunisaidia kupura uwele na kulala kwangu, sikuwa na amani. Kondomu? Tulidhani ni za wanaoogopa mimba.

Basi nikamnong'oneza Zuhura kwamba mgonjwa ni Neema, ila anaona haya, mimi nipewe tu dawa. Masikio yangu ni mazito. Nilichokiita kunong'ona kilifika mpaka kwenye benchi.

"Bibi, lazima tumpime mwenyewe," Zuhura akasema. "Na mwenzake aje."

"Mwenzake!" Salome akaruka. "Si ndiye kijana wetu huyo? Neema, umemletea nini?"

Neema aliniangalia nikisokota pindo la kitenge. Akaelewa.

"Ni kweli, dada Zuhura," akasema taratibu. "Mgonjwa ni mimi."

Mtoto wa watu, yuko tayari kuvunja uchumba wake kwa ajili ya haya yangu! Nikasimama.

"Anadanganya! Ni mimi, na mwenzangu ni Yohana!"

Salome anasema nilitaja mpaka jina la baba yake Yohana. Mimi nakumbuka tu Neema akinishika mkono, tukaingia wote wawili chumba cha vipimo. Kama nimekosea, nisahihisheni.