Ndoo ya Kutembelea

Muuguzi wa kliniki aliniambia nitembee kila jioni, mwendo ambao bado naweza kuzungumza bila kuhema, nisibebe vitu vizito, na nikisikia kizunguzungu nipumzike. Mimba iliyotangulia niliimaliza nimekaa, miguu imevimba hadi viatu vya mume wangu vikanibana. Safari hii nilitaka kutembea.

Mama mkwe alisikiliza yote, kisha akauliza natembea kwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, naenda na kurudi. Akarudia swali, safari hii polepole.

Kwetu Masasi labda ningejificha katikati ya watu wa sokoni. Hapa Newala, mjamzito anayetembea jioni mikono mitupu ni habari. Siku ya kwanza dereva wa bodaboda alinifuata taratibu akinisihi nipande, nauli hataki. Nilipogeuka mwisho wa barabara bila kuingia kwa mtu, alizima pikipiki akabaki ananitazama. Nyumbani nikakuta wazee wawili wa ukoo barazani. Walikuwa wamesikia nimefukuzwa. Mume wangu alikuwa ameshaomba radhi, ingawa kosa lenyewe lilikuwa bado linatafutwa.

Walipoondoka, mama mkwe akatoa uamuzi: ama nisitoke tena, ama nitoke nimeshika kitu. Akanipa ndoo tupu.

Kesho yake hakuna aliyeniuliza neno. Ila nilipopita nyumba ya jirani nilisikia mlango ukifunguliwa, halafu ndoo ikigonga ukuta. Mabomba yalikuwa yamekauka kwa siku kadhaa, na mwenye tumbo kama langu hatoki na ndoo kwa kubahatisha. Kufika mwisho wa barabara, nyuma yangu kulikuwa na msururu wa wanawake, na yule wa bodaboda amefunga madumu.

"Mama kijacho," jirani akaniuliza, "maji yako wapi?"

"Hakuna maji. Nafanya mazoezi."

Akaigeuza ndoo yake, akaikalia. "Ya kubeba ndoo tupu?"

"Ya kutembea."

Walinisema sana. Mmoja alidai mazoezi hayo ameyafanya tangu utotoni na hakuna kliniki iliyompongeza. Walipochoka kunisema, tukarudi pamoja.

Njiani tukakutana na wale wazee wawili. Tukawaamkia, wakaitikia, wakaziangalia ndoo tupu, wakatupa pole na kupita. Hawakuuliza tulikotoka.

Tangu jioni ile natembea kila siku. Ndoo haijaingia maji bado.