Kofia ya Kushukia Bugeshi

Mume wangu alizaliwa kwa wavuvi wa Gisenyi. Mimi nilirudi kutoka Tanzania na Kiswahili cha shuleni na mdomo usiokubali kushindwa. Mwishoni mwa miaka ya tisini tuliishi mtaa wa Mbugangari, mjini humo. Yeye alipanda milimani Bugeshi kununua viazi, akavishusha kwa baiskeli, nami nikaviuza mbele ya nyumba. Baiskeli yake ya kwanza haikuwa na breki. Alipunguza mwendo kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi la nyuma. Kila alipochelewa, roho yangu ilikuwa juu.

Fremu ilipovunjika nilimshukuru Mungu. Tulikwenda pamoja kuchagua baiskeli nyingine kwa muuzaji wa mitumba iliyopitia Goma. Mume wangu alikalia keria kuona kama itastahimili gunia. Mimi niliinua magurudumu, nikayazungusha, nikabana breki. Ile nyekundu aliyoipenda ilishika kwa kusuasua, nikaikataa hapo hapo. Tukachukua ya kijani, ya milimani, yenye matairi ya meno.

"Mama, hii gia yote mi nafanya nayo nini?" mume wangu aliniuliza.

"Ni za kupandia. Za kushukia ni breki, na zote mbili zinashika."

Muuzaji alicheka. "Patron, bibi yako anajua velo kukupita."

Kwenye msumari ilining'inia helmeti. Nikasema na hiyo tunaichukua.

"Ile iko ya bazungu," mume wangu alisema. "Donc kichwa yangu iko yai?"

"Ni yai, na sina jingine."

Akainamisha kichwa nimfunge mkanda.

Mwanzoni aliionea haya, kwa matundu yake na rangi yake ya kung'aa. Nikaishonea kifuniko cha kitenge changu cha buluu. Hapo aliipenda kupita kiasi. Aliivaa hata akienda kununua sabuni, na nyumbani aliitundika karibu na koti la kanisani. Wenzake walimwita kolonel ya viazi, akacheka nao. Basi ikawa kofia yake, na kofia ina adabu zake. Akiingia nyumba ya mtu aliivua. Akisalimia mkubwa aliivua. Mimi niliona fahari, nikijua nimeolewa na mtu mwenye malezi.

Miaka ile mazishi yalikuwa mengi kwetu, hata watu hawakuulizana tena ni ya nani. Asubuhi moja, baada ya mvua, mwenzake wa safari alifika nyumbani akiisukuma ile baiskeli ya kijani. Helmeti ilining'inia kwenye usukani.

"Mama, tulikuwa tunashuka. Mazishi ikapita. Ye akavua kofia."

"Kwenye mteremko?"

"Iko mbele ya maiti, mama. Angefanya nini? Akaivua na mukono moja, ile ingine ikabakia na breki ya mbele."

Gurudumu la mbele liliteleza kwenye changarawe, kichwa kikakuta jiwe. Waombolezaji wa mazishi yale walimtua maiti wao wakambeba mume wangu. Alikata roho kabla hawajafika kituo cha afya.

Niliigeuza helmeti mikononi, haikuwa na hata mkwaruzo. Nikabana breki, zikashika zote mbili. Nilikasirika, na mpaka leo nina hasira. Nilimkasirikia yule maiti nisiyemjua, kana kwamba yeye ndiye aliyedai heshima. Maiti hana haraka wala kinyongo. Angengoja baiskeli ifike bondeni, kisha avuliwe kofia kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunampeleka makaburini, tulikutana na wenzake wakishuka na magunia. Walipoliona sanduku, mikono ilianza kuachia usukani na kwenda vichwani. Niliuacha msafara nikakimbilia katikati ya barabara.

"Vaeni kofia! Shikeni breki! Shikeni zote mbili!"

Wanawake walinikamata mabega, wakidhani majonzi yamenizidi. Wale wanaume walisimamisha baiskeli zao kando ya njia. Hakuna aliyevaa. Walisimama vichwa wazi, kofia kifuani, mpaka tukapita.